Tuunganishe Halmashauri Hizi Mbili? Namna ya Kulichunguza Jambo Kabla ya Kuamua

Hoja ya kuunganisha halmashauri kwa kawaida huanzia kwenye matumizi. Kwa nini wilaya moja iwe na wakurugenzi wawili, waweka hazina wawili, masijala mbili, mabaraza mawili? Ni hoja yenye uzito. Tanzania Bara ina halmashauri 184, na katika wilaya kadhaa utakuta halmashauri ya mji au manispaa imepakana na halmashauri ya wilaya yenye jina lilelile: Kibaha, Moshi, Musoma, Songea, Iringa. Hoja ya kugawa nayo ina uzito wake, na kwa miaka mingi ndiyo iliyokuwa ikishinda: eneo ni kubwa, wananchi wako mbali, huduma haziwafikii. Zote mbili huletwa barazani kwa sauti kubwa na makaratasi machache.

Mwongozo huu ni wa madiwani, maofisa mipango, asasi za kiraia, wanafunzi wa utawala na waandishi wa habari wanaotaka kulichunguza swali hili kwa hesabu. Mifano yangu mingi ni ya Tanzania Bara, na pale wenzetu wa nchi nyingine walipotangulia nitawataja.

Niseme msimamo wangu mapema. Swali la "tuunganishe au tusiunganishe" ni pana mno kujibika lilivyo. Linajibika likichambuliwa huduma kwa huduma, na likipimwa kwa mfuko wa mwananchi sawasawa na mfuko wa serikali.

Hatua ya 1: Andikeni tatizo kabla ya suluhisho

Kamati ikiundwa "kuandaa mpango wa kuunganisha halmashauri", jibu limeshatolewa na kazi iliyobaki ni kulipamba. Hadidu za rejea zianze na tatizo, lielezwe kwa sentensi ambazo mtu anaweza kwenda kuzihakiki. Kwa mfano: mji umejaa, hauna tena eneo la dampo wala makaburi, na ardhi iko upande wa wilaya. Au: mapato ya ndani ya halmashauri ya wilaya hayatoshi kuendesha vikao vya kisheria. Au: mpaka umepita katikati ya mtaa uliokwisha kujengwa, gari la taka linaishia upande mmoja wa barabara na nyumba za upande wa pili zinachoma taka uani.

Haya ni matatizo matatu tofauti, na kuunganisha ni dawa mojawapo tu. La tatu linaweza kuisha kwa kurekebisha mpaka. La kwanza linaweza kuisha kwa makubaliano ya kutumia dampo moja. Ndiyo maana hadidu za rejea zitaje njia nne tangu siku ya kwanza: kuunganisha, kushirikiana katika huduma chache, kurekebisha mpaka, na kuacha mipaka ilivyo ila kuboresha ukusanyaji na usimamizi. Kila njia ihesabiwe kwa uzito uleule.

Angalieni pia nani anakaa kwenye kamati. Mkuu wa idara ambaye nafasi yake itafutika hawezi kuachiwa peke yake kuandika sura ya watumishi. Wakae madiwani wa pande zote mbili, watendaji wa kata na vijiji, wawakilishi wa wafanyabiashara na wakulima, na mtu wa fedha asiyelipwa na upande wowote. Chuo cha Serikali za Mitaa Hombolo, kule Dodoma, kina watu wanaoifahamu kazi hii.

Hatua ya 2: Orodhesheni kazi ambazo bado ni za halmashauri

Hatua hii watu huiruka, wakaishia kutoa ahadi zisizowezekana. Utasikia mtu akisema tukiungana tutapata barabara nzuri. Barabara za mijini na vijijini zilihamishiwa TARURA, wakala wa serikali wa barabara hizo, mwaka 2017. Maji ya vijijini yako chini ya RUWASA, wakala wa maji vijijini, tangu 2019. Kodi ya majengo ilichukuliwa na TRA, mamlaka ya mapato ya taifa, na tangu 2021 inakatwa mtu anaponunua umeme wa LUKU. Huduma nyingi ambazo kwa kawaida hunufaika na ukubwa zimeshaondoka mikononi mwa halmashauri, kwa hiyo kuunganisha mabaraza hakuzigusi moja kwa moja.

Zilizobaki ni shule za msingi na sekondari, zahanati na vituo vya afya, taka, masoko, stendi, machinjio, mipango miji na vibali vya ujenzi, ugani, ushuru mbalimbali na leseni, pamoja na mikopo ya asilimia 10 kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Chukueni karatasi, kila huduma ipewe mstari wake, na kwa kila mstari mwulize: ikifanywa kwa eneo kubwa zaidi itakuwa nafuu, itakuwa ghali, au itabaki ilivyo?

Dampo moja kubwa la kisasa ni nafuu kuliko mawili madogo. Mthamini mmoja wa ardhi anaweza kuhudumia pande mbili. Lakini mwalimu wa darasa la tatu hafundishi watoto wengi zaidi kwa sababu mkurugenzi wake amehamishwa, wala muuguzi wa zahanati hapimi wajawazito wengi zaidi. Sehemu kubwa ya bajeti ya halmashauri yoyote ni walimu na watumishi wa afya. Hapo ukubwa hauleti nafuu, na kamati iliandike hilo waziwazi.

Hatua ya 3: Kusanyeni hesabu za miaka mitano

Mwaka mmoja hautoshi, kwa sababu msimu mmoja mbaya wa korosho au pamba unaweza kuifanya halmashauri ionekane maskini. Chukueni miaka mitano ya kila upande. Vyanzo vipo: ripoti za kila mwaka za CAG (Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali) kuhusu serikali za mitaa, vitabu vya bajeti vya halmashauri zenyewe, taarifa za hesabu kutoka MUSE, mfumo wa malipo wa serikali, na makusanyo ya mashine za POS za kukusanyia ushuru, kata kwa kata. Idadi ya watu ichukuliwe kwenye Sensa ya 2022, ambayo imechambuliwa hadi ngazi ya kata.

Mapato ya ndani yatenganisheni. Kuna mapato lindwa, yaani fedha ambazo zina kazi yake maalumu na haziwezi kuhamishwa, kama michango ya bima ya afya ya jamii. Mkiyajumlisha na mengine mtaona halmashauri tajiri ambayo haipo. Kinachobaki baada ya hapo ndicho kinachokatwa asilimia 10 ya mikopo na sehemu ya miradi ya maendeleo kulingana na uwezo wa halmashauri. Linganisheni kiasi hicho kwa kila mkazi.

Halafu ingieni kwenye madeni: wazabuni, stahiki za watumishi, fidia za viwanja, kesi mahakamani. Deni la upande mmoja litakuwa deni la wote asubuhi ya kuungana, na wananchi wa upande wa pili wana haki ya kulijua kabla.

Msitazame nyuma tu. Halmashauri ya Wilaya ya Kibaha, ambayo makao yake yako Mlandizi, ndiyo yenye Kwala, penye bandari kavu na eneo kubwa la viwanda. Upande unaoonekana leo kuwa "wa kijijini" unaweza baada ya miaka kumi kuwa ndio unaobeba mwenzake. Kamati ikipima utajiri kwa makusanyo ya jana peke yake, itaandika masharti ya muungano ambayo upande mmoja utayajutia.

Hatua ya 4: Hesabuni akiba, kisha mwulize inaingia mfuko wa nani

Hapa ndipo nawaomba mtulie zaidi, maana hapa ndipo hoja ya kuunganisha inaposimama au kuanguka.

Mishahara ya watumishi wa halmashauri kwa sehemu kubwa hulipwa na Hazina. Tangu bajeti ya 2021/22 posho ya mwezi ya madiwani nayo, katika halmashauri nyingi, hulipwa na serikali kuu. Kwa hiyo mkifuta nafasi ya mkurugenzi mmoja na wakuu wa idara wake, fedha hiyo haibaki kwenye akaunti ya halmashauri mpya kujenga darasa. Inabaki Hazina. Si vibaya taifa likiokoa, ila wananchi wasiambiwe kwamba fedha hizo zitarudi kijijini kwao wakati hakuna sheria inayosema hivyo. Akiba ya halmashauri yenyewe iko kwenye matumizi ya kawaida: mafuta, matengenezo ya magari, pango, posho za vikao, umeme, shajala.

Na wakurugenzi wakiwa mmoja, madiwani hawapungui. Kila kata inabaki na diwani wake. Halmashauri yenye kata 14 ikiungana na yenye kata 20, baraza lina madiwani 34 wa kuchaguliwa, juu yao wa viti maalumu. Ukumbi uliokuwa ukiwatosha hautawatosha, na kikao kilichokuwa kikiisha saa nane kitaisha jioni.

Baada ya akiba andikeni gharama za mpito: uhamisho wa watumishi na mizigo yao, ofisi ya kuwatosha, kuunganisha mifumo ya mapato, kuandika upya sheria ndogo, kubadili mihuri, leseni na mabango, na kukagua hesabu za mwisho za pande zote mbili.

Tufanye hesabu ya mfano, tarakimu zikiwa za kufikirika. Tuseme kuungana kutaokoa shilingi milioni 400 kwa mwaka, na mpito utagharimu bilioni 1.2. Kwa haraka mtasema gharama itarudi baada ya miaka mitatu. Sasa ongezeni wananchi: tuseme safari 30,000 kwa mwaka za watu ambao ofisi imesogea mbali nao, na kila safari imeongezeka shilingi 6,000. Hiyo ni milioni 180 inayotoka mifukoni mwao. Akiba halisi ni milioni 220, na gharama itarudi baada ya miaka mitano na nusu hivi. Muhula mzima wa baraza utakuwa umepita.

Waliotangulia wanatupa tahadhari. Denmark ilipunguza manispaa kutoka 271 hadi 98 mwaka 2007. Watafiti waliofuatilia waliona gharama za utawala kwa kila mkazi zikishuka, lakini walipojumlisha huduma zote hawakuona nafuu ya jumla. Toronto ya Kanada, iliyounganisha serikali zake za mji mwaka 1998, ilikuta viwango vya mishahara vya miji iliyoungana vinasawazishwa kwa kufuata vya juu. Kwetu mishahara ina ngazi za kitaifa, hivyo hatari hiyo ni ndogo, ila inarudi kwa mlango mwingine: ushuru na ada. Mama anayeuza nyanya kwenye soko la kijijini halipi sawa na wa soko la mjini. Sheria ndogo zikisawazishwa, zitafuata kiwango kipi?

Hatua ya 5: Mfuateni mwananchi hadi dirishani

Msiridhike na ramani. Chagueni shughuli tatu au nne ambazo watu huzifuata halmashauri, kisha mmoja wenu azifanye kwa nauli ya kawaida kuanzia kijiji cha mbali zaidi. Kufuatilia mkopo wa kikundi ni mfano mzuri. Mwenyekiti wa kikundi cha akina mama anatoka alfajiri kwa bodaboda hadi barabara kuu, anapanda Coaster, anafika ofisi ya maendeleo ya jamii, anaambiwa muhtasari wa kikao hauna mhuri wa mtendaji wa kata. Anarudi. Andikeni nauli ya kwenda na kurudi, chakula, siku ya kazi iliyopotea, na mara ngapi ilibidi arudi. Kisha rudieni hesabu hiyo kwa makao mapya yanayopendekezwa.

Mwaka 2019 serikali iliagiza halmashauri za wilaya zilizokuwa na ofisi mjini zihamie kwenye maeneo yao ya utawala, ili ziwe karibu na wananchi. Muungano utakaorudisha ofisi mjini unageuza agizo hilo. Kama kamati inaona ni sawa, itoe sababu, na iseme ni madirisha gani yatabaki Mlandizi, au popote makao ya zamani yalipo, na yatakuwa na mamlaka gani ya kusaini.

Hatua ya 6: Chunguzeni kitakachotokea kwa kijiji

Katika kila ripoti ya aina hii ningeanza kusoma hapa. Kijiji kwa sheria zetu kina mkutano mkuu wake na halmashauri ya kijiji, na chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji Namba 5 ya 1999 halmashauri hiyo ndiyo inayosimamia ardhi ya kijiji kwa niaba ya wanakijiji. Mtaa hauna mamlaka hayo. Halmashauri ya wilaya ikimezwa na mji, na baadaye vijiji vikafutwa kuwa mitaa, mkutano wa kijiji unapoteza sauti yake juu ya ardhi, na maamuzi yanahamia kwa maofisa ardhi wa mji. Pembezoni mwa miji yetu, ambako viwanja vinapanda bei kila mwaka, hilo ni jambo la riziki za watu.

Kuna mengine madogo yanayouma. Mwaka 2022 kuunganishiwa umeme wa njia moja bila nguzo kulikuwa shilingi 27,000 kijijini na shilingi 320,960 mjini. Familia inayolima mihogo haiwi ya mjini kwa sababu kibao cha ofisi kimebadilishwa, lakini bei inaweza kubadilika. Orodhesheni kila ada, ruzuku na mgao unaotegemea eneo kuitwa mji au kijiji.

Pimeni pia kura barazani. Upande wenye kata chache utajikuta ukishindwa kwenye kila kura ya bajeti ukipenda usipende. Watafiti wa Denmark waliona kwamba baada ya kuungana, wakazi wa manispaa zilizounganishwa walipungukiwa na imani kwamba wanaweza kuelewa na kushawishi siasa za eneo lao.

Hatua ya 7: Isomeni Dar es Salaam kwa makini

Hakuna mfano ulio karibu nasi kuliko huu. Mwaka 1996 Halmashauri ya Jiji ilivunjwa na ikawekwa Tume ya Jiji chini ya Charles Keenja. Mwaka 2000 zikaanza manispaa tatu, Ilala, Kinondoni na Temeke, juu yake ikiwapo Halmashauri ya Jiji ya kuratibu yanayovuka mipaka. Baadaye Ubungo ikatolewa Kinondoni na Kigamboni ikatolewa Temeke. Tarehe 24 Februari 2021 Rais Magufuli akaivunja Halmashauri ya Jiji, na Manispaa ya Ilala ikapandishwa kuwa Jiji la Dar es Salaam. Hoja kubwa ilikuwa kwamba chombo kile hakikuwa na eneo lake la kutawala, na manispaa zilikuwa zikikichangia.

Kwa miaka 25 jiji lilelile limeonja tume moja, ngazi mbili, kugawanywa tena, na kuondolewa kwa ngazi ya juu. Kinachobaki kila mara ni mambo yasiyojali mpaka. Mto Msimbazi katika sehemu yake ya chini ndio mpaka wenyewe: ng'ambo moja Ilala, ng'ambo ya pili Kinondoni. Taka zinazotupwa upande mmoja huziba njia ya maji na mafuriko ya Jangwani hayachagui wa kumtembelea. Dampo la Pugu Kinyamwezi liko Ilala na limekuwa likipokea taka za manispaa nyingine. Mkifuta chombo chochote, andikeni kwa jina kila kazi iliyokuwa ikifanywa nacho na nani ataipokea kuanzia siku ya kwanza.

Majirani pia wamepita njia hii. Rwanda ilipunguza wilaya kutoka 106 hadi 30 mwaka 2006. Burundi, kwa sheria ya 2023, ilipunguza mikoa kutoka 18 hadi 5 na komuni kutoka 119 hadi 42, mpangilio ulioanza kutumika na uchaguzi wa 2025. Kenya ilifuta halmashauri 175 za zamani na kuanza na kaunti 47 mwaka 2013.

Hatua ya 8: Jaribuni kushirikiana kabla ya kuungana

Katiba ya Kenya, ibara ya 189, inaziruhusu serikali kuunda kamati na mamlaka za pamoja, na kaunti za Pwani zina jumuiya yao ya kiuchumi. Halmashauri mbili zinaweza kukubaliana kuhusu dampo moja, machinjio moja, mthamini mmoja au stendi ya pamoja kwa mgawanyo wa mapato ulioandikwa. Wekeni muda wa miaka miwili na vipimo vichache. Mimi naona njia hii ipewe nafasi kwanza karibu kila mahali, isipokuwa pale ambapo upande mmoja hauwezi kabisa kuendesha vikao vyake vya kisheria.

Hatua ya 9: Lindeni kipindi cha katikati, kisha pelekeni ripoti kwa wenyewe

Huko Denmark na Sweden ilionekana kwamba manispaa zilizojua zinakaribia kuunganishwa ziliongeza matumizi na madeni, maana bili ingelipwa na wote. Kwa hiyo siku uchunguzi unapotangazwa, pande zote mbili zikubaliane kwa maandishi kutouza viwanja vya umma, kutoingia mikataba ya muda mrefu na kutoajiri vibarua wapya bila ridhaa ya pamoja. Wakaguzi wa ndani wa pande zote mbili watoe taarifa kila robo mwaka.

Ripoti iandikwe kwa Kiswahili, na muhtasari wa kurasa nne ubandikwe kwenye mbao za matangazo za kata na vijiji walau mwezi mmoja kabla ya mikutano ya hadhara. Mikutano ianze vijijini na mitaani, ije kwenye kamati za maendeleo za kata, mabaraza mawili yakae kila moja peke yake, kisha Kamati ya Ushauri ya Wilaya, ya Mkoa, na TAMISEMI, wizara inayosimamia serikali za mitaa. Mihtasari ya vijiji vilivyokataa iambatishwe ilivyo.

Na kiwepo kipengele cha kurudi nyuma. Montréal, nako Kanada, iliunganishwa mwaka 2002, wakazi wakapiga kura 2004, na miji 15 ikajitoa mwanzoni mwa 2006. Masharti ya kujitoa huko yalibuniwa baada ya muungano. Ninyi andikeni mapema: baada ya miaka mitano nani atafanya tathmini, kwa vipimo gani, na mali zitagawanywaje ikiwa upande mmoja utaomba kutoka.